Mali kauli haimo kwenye kanzidata

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Kompyuta ya kwanza ilikuwa imefungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na baadaye hesabu za Serikali zikahamishiwa kwenye mashine. Mfumo ule uliharibikiwa, ukaleta hasara kubwa, na uamuzi uliofuata ukawa kufunga mlango. Wengi hukisimulia kisa hiki kama habari ya nchi changa iliyoogopa teknolojia. Mimi nakisoma vingine. Nchi ilikuwa na wataalamu wachache mno wenye uwezo wa kukaa katikati: wanaojua jinsi hesabu za Hazina zinavyokwenda kutoka hati ya malipo hadi leja kuu, na papo hapo wanajua kompyuta inahitaji kulishwa nini, kwa mpangilio gani, na nani aihakiki. Mtu wa katikati alikosekana, na gharama yake ikalipwa kwa miaka mingi.

Leo tunamfundisha mtu huyo vyuoni. Mzumbe ina shahada ya TEHAMA na biashara. Chuo cha Elimu ya Biashara, CBE, na Chuo cha Usimamizi wa Fedha, IFM, vimeweka teknolojia ya habari jirani kabisa na madarasa ya uhasibu na kodi. Wakenya wana BBIT yao, shahada ya biashara na teknolojia ya habari, pale vyuo vikuu vya Strathmore na JKUAT. Waganda wana shahada ya kompyuta za biashara pale MUBS, chuo cha biashara cha Makerere. Majina yanatofautiana, ahadi ni moja: mhitimu atakayeelewa biashara na mfumo kwa pamoja. Kila msimu wa udahili maelfu ya vijana hujaza fomu wakiiamini ahadi hiyo, na wazazi wao huuza mahindi au kukopa kwenye vikoba ili walipe ada.

Ninavyoona, sehemu kubwa ya ahadi hiyo haitimizwi, na sababu haiko kwenye uchache wa kompyuta maabara. Tunafundisha nusu mbili ambazo hazikutani. Jumatatu mwanafunzi anasoma kanuni za uhasibu na mwalimu wa uhasibu. Jumatano anasoma kanzidata, yaani hifadhi ya taarifa ndani ya kompyuta iliyopangwa kwa majedwali, na mwalimu wa TEHAMA. Mitihani ni miwili, vitini ni viwili, na hakuna siku hata moja anayotakiwa kukaa na tatizo moja linalodai vyote viwili kwa pamoja. Akifika mwaka wa tatu anaambiwa aandike mradi, na ndipo upungufu unapoonekana.

Nimesoma miradi mingi ya aina hii, na inafanana mno. Kuna ukurasa wa kuingilia wenye jina na nywila. Kuna jedwali la bidhaa, jedwali la wateja, jedwali la mauzo. Ukibonyeza kitufe cha kuuza, idadi ya bidhaa inapungua. Kuna ripoti ya mwezi yenye mchoro wa rangi. Kazi ni safi, programu inafunguka mbele ya jopo, kijana anapata alama nzuri. Kisha ichukue programu hiyo uipeleke kwenye duka lolote la jumla Kariakoo, na kabla ya saa sita mchana itakuwa imekwama, kwa sababu haijui mali kauli.

Kwa msomaji aliye mbali na mambo ya soko: mali kauli ni mzigo unaotolewa kwa neno. Mama anatoka Mbeya, anafahamika, amekuwa akinunua hapo kwa miaka. Safari hii hana fedha taslimu za kutosha, basi mwenye duka anampa katoni kadhaa za vitenge, anakwenda kuuza, fedha zitakuja kidogo kidogo kwa simu. Hakuna karatasi, au ipo karatasi moja iliyochanwa kwenye daftari na kupigwa picha. Hivi ndivyo sehemu kubwa ya biashara ya jumla inavyosonga. Ukitaka kujua kama mwanafunzi wa mifumo ya habari ameiva, mpe jambo hili moja tu.

Mzigo umetoka stoo. Je, umeuzwa? Mwanafunzi akisema ndiyo, na programu ikaupunguza kwenye idadi ya bidhaa na kuuandika kama mauzo, basi ripoti ya mwezi itaonyesha mapato ambayo hayapo. Mwenye duka ataangalia mchoro mzuri wa rangi na kujiuliza fedha ziko wapi. Mama akirudisha katoni mbili mwezi unaofuata kwa kuwa rangi haikupendwa Mbeya, programu haina mahali pa kuzipokea, na kijana wa kaunta atalazimika kuzipachika kama manunuzi mapya ili tu hesabu ikae sawa. Mwanafunzi akisema hapana, mzigo haujauzwa, na programu ikauacha kwenye idadi ya bidhaa, siku ya kuhesabu stoo katoni zitapungua. Mtunza stoo ataitwa mwizi.

Jibu halipatikani kwenye lugha ya programu. Linapatikana kwa kumuuliza mwenye duka maswali ambayo mhasibu angeuliza. Mama asipouza, anaruhusiwa kurudisha? Kama anaruhusiwa, mali bado ni ya duka hata kama iko Mbeya, na mfumo unahitaji mahali pa tatu pa kuweka bidhaa: haiko stoo, haijauzwa, iko mikononi mwa mteja fulani kwa tarehe fulani. Mauzo yataandikwa mama akishatoa taarifa kwamba ameuza. Kama haruhusiwi kurudisha, kama walikubaliana bei na siku ya kulipa liwalo na liwe, hapo duka limeuza kwa mkopo, bidhaa inatoka kwenye hesabu siku ileile, na kinachobaki ni deni la kufuatilia. Wafanyabiashara wawili waliopangana ukuta kwa ukuta wanaweza kuwa na desturi tofauti, na wote wawili wakaiita mali kauli. Kisha linakuja swali la risiti ya EFD, ile mashine ya kielektroniki ya risiti za kodi: itolewe mzigo unapotoka au unapouzwa? Hapo kijana anahitaji kuijua sheria ya kodi, au walau kujua kwamba ni swali la sheria na si la kuamua yeye mwenyewe akiwa amekaa mbele ya kompyuta. Bado hatujamgusa winga, anayemleta mteja, anachukua bidhaa duka la jirani na kuongeza cha juu chake, ambaye hana jedwali kwenye mradi wowote niliowahi kuusoma.

Katika jambo hilo moja kuna uhasibu, kuna sheria ya mikataba, kuna kodi, kuna muundo wa kanzidata na kuna adabu ya kuuliza maswali kwa mtu mzima ambaye hana muda. Huo ndio utaalamu wenyewe. Mwalimu akitumia wiki tatu nzima juu ya mali kauli, akiwa na mwenzake wa uhasibu darasani, atakuwa amefundisha zaidi ya muhula mzima wa vitini.

Wapo wanaosema kwamba biashara za namna hii zinapita, kwamba kila kitu kinaingia kwenye simu na mfumo rasmi, na chuo kifundishe yajayo. Hoja hii ina uzito, lakini tazama jinsi mifumo iliyofanikiwa hapa kwetu ilivyofanikiwa. M-Pesa haikuanza kama huduma ya kutumiana fedha. Majaribio yaliyoanza Kenya mwaka 2005, na wateja wasiozidi 500, yalilenga marejesho ya mikopo midogo kupitia taasisi ya Faulu. Kwa upande wa Faulu kulikuwa na ugumu wa kuoanisha malipo ya simu na vitabu vyao na utaratibu wao wa vikundi. Wakati huohuo watu waliopewa laini za majaribio walianza kufanya mambo ambayo hayakupangwa: kumtumia mwenzao fedha, kuweka fedha mji mmoja na kuzitoa mji mwingine ili wasisafiri nazo. Waliokuwa wakiendesha majaribio waliliona hilo, wakaamua kuacha wazo la mikopo, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikawa ya kutuma fedha nyumbani. Teknolojia ilikuwa ujumbe mfupi na laini ya simu, vitu ambavyo tayari vilikuwepo. Kazi ngumu ilikuwa floti: kuhakikisha wakala wa kijijini ana fedha taslimu watu wanapokuja kutoa, na wakala wa mjini ana salio la kutosha watu wanapokuja kuweka, na kila shilingi iliyomo kwenye simu ina shilingi mwenzake benki.

Ukiwauliza wanafunzi wengi M-Pesa ni nini watakuambia ni programu. Floti hawaitaji. Na wakala aliye nje ya geti la chuo, anayefunga kibanda saa kumi kwa kuwa floti imeisha, anaweza kuwaeleza kwa nusu saa.

Chukua tena kuunganishwa kwa mitandao. Tanzania ilitangulia Afrika nzima mwaka 2014, pale Tigo na Airtel zilipokubaliana wateja wao watumiane fedha moja kwa moja. Zantel ikafuata, na Vodacom ikaingia 2016. Kuunganisha kompyuta za kampuni mbili ni kazi inayoweza kufanywa na mafundi wazuri. Kukubaliana nani amlipe nani, makato yagawanywe vipi, nani abebe hasara muamala ukikwama katikati, na wakubwa na wadogo wa soko wakubali vipi kukaa meza moja, hiyo ilikuwa kazi ya watu wanaojua biashara na mifumo kwa pamoja. Vivyo hivyo kontroli namba. Tangu Wizara ya Fedha ilipoanza kutumia GePG, mfumo wa kupokea malipo ya Serikali, mwaka 2017, Mtanzania analipa ada ya chuo, faini ya barabarani na maji kwa njia moja. Kinachoufanya ufae ni wazo la kihasibu lililo rahisi: kila deni lina namba yake, na malipo yakiingia yanajua yanafuta deni lipi. Kabla ya hapo mlipaji alikuwa akibeba karatasi ya benki kwenda kwa mhasibu wa taasisi, na mhasibu akikaa siku nzima kutafuta fedha ile ni ya nani. Aliyeielewa kazi ya mhasibu yule ndiye aliyeujua ugonjwa.

Upande wa pili wa shilingi unanitia wasiwasi zaidi, kwa kuwa hugharimu watu kazi na heshima zao. Mwaka 2015 Kenya ilitikiswa na sakata la NYS, shirika lao la huduma ya vijana kwa taifa, ambamo shilingi milioni 791 za Kenya zilitajwa kutoka serikalini kupitia mfumo wa malipo wa IFMIS. Kilichozungumzwa sana wakati ule kilikuwa nywila: ilidaiwa kwamba nywila za maofisa zilitumiwa na watu wengine kuanzisha na kuidhinisha malipo. Mfumo uliruhusu, kwa sababu uliona jina sahihi na nywila sahihi. Mgawanyo wa majukumu, kwamba anayeandaa malipo asiwe anayeyaidhinisha, ni somo la kale la ukaguzi, lilikuwepo enzi za wino na mihuri. Mwanafunzi wa TEHAMA anayejua kusimba nywila kwa njia za kisasa kabisa, lakini hajui kwa nini watu wawili tofauti lazima watie mkono kwenye hati moja, atajenga mlango wa chuma na kuacha funguo mezani.

Uingereza waliona jambo la kinyume chake, na kwangu ndilo la kutisha kuliko yote. Shirika lao la posta lilisambaza mfumo wa hesabu ulioitwa Horizon kuanzia mwaka 1999. Mfumo ulipoonyesha upungufu wa fedha kwenye vituo vidogo vya posta, waliokuwa wakiviendesha walishtakiwa. Zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani hadi kufikia 2015, wengine wakafungwa jela, wengine wakafilisika wakilipa fedha ambazo hawakuzichukua. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ilikuta kwamba mfumo wenyewe ulikuwa na hitilafu, na mwaka 2024 Bunge lilipitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa mkupuo. Watu walitoa ushahidi kwamba fedha hazijaibwa, kompyuta ikasema zimeibwa, kompyuta ikaaminiwa.

Hapa nyumbani keshia wa supamaketi anakatwa mshahara kila mwezi kwa sababu mfumo umesema kuna upungufu. Mtunza stoo wa dawa anaandikiwa barua ya kujieleza. Nani anarudi kuangalia kama programu ya duka linalonunua dawa kwa boksi na kuziuza kwa kidonge inabadilisha idadi ipasavyo? Nani anaangalia kama mtandao ulipokatika katikati ya muamala, mauzo yaliandikwa mara mbili? Mhitimu wa fani hii ndiye anayepaswa kuwa mtetezi wa keshia yule, kwa kuwa ndani ya jengo zima yeye peke yake ana uwezo wa kusoma vitabu na kusoma kumbukumbu za mfumo. Kumfundisha kuutilia shaka mfumo, kwa utaratibu na kwa ushahidi, ni wajibu wa chuo. Sioni mahali unapopewa uzito unaostahili. Kwa taarifa za watu binafsi napo, sheria ya Tanzania ya mwaka 2022 imeanza kutumika tangu Mei 2023, na bado miradi ya wanafunzi inaendelea kukusanya namba za simu, picha na namba za NIDA za watu bila hata kuuliza zitatunzwa kwa muda gani.

Mafunzo kwa vitendo yangeweza kuziba pengo hili. Wiki nane au kumi ndani ya taasisi ni muda wa kutosha kuifuata hati moja ya malipo tangu inapozaliwa hadi inapofungwa kwenye faili. Kwa bahati mbaya kijana wa TEHAMA akifika kazini anaonyeshwa chumba cha mafundi. Anabadilisha wino wa printa, anapitisha nyaya, anaweka antivairasi. Msimamizi wa chuo anakuja mara moja, anasaini kitabu cha kumbukumbu, anaondoka. Kule uhasibu, hatua thelathini tu kutoka pale, kuna watu wanaogombana na mfumo kila siku na hakuna aliyemwambia kijana akakae nao. Chuo kingeweza kubadilisha jambo hili bila kuongezewa bajeti: barua ya kumpeleka mwanafunzi iseme wazi kwamba nusu ya muda wake ataishi idara ya fedha, manunuzi au mauzo, na ripoti yake ieleze kazi moja ya idara hiyo hatua kwa hatua, pamoja na njia za mkato ambazo wafanyakazi huzitumia mfumo unapowabana. Njia hizo za mkato ni hazina. Ukikuta mtu ana daftari pembeni ya kompyuta, mwombe kwa heshima akuonyeshe, maana ndani yake kuna kila kitu ambacho mtengenezaji wa mfumo alikisahau.

Kuna hazina nyingine iliyo karibu zaidi, nayo ni wanafunzi wa jioni. Saa kumi na moja, madarasa ya vyuo vya biashara vya Dar es Salaam hujaa watu waliotoka makazini: keshia, karani wa bandari, mtu wa mauzo, msaidizi wa wakala wa forodha. Wengi wanasomea stashahada au shahada ileile ambayo vijana wa mchana wanaisomea. Wao wanajua mizigo inavyokwama, wanajua mteja anavyodai risiti ya siku ya jana, wanajua mkuu wa idara anavyopenda ripoti yake. Vijana wa mchana wana wepesi wa programu na muda wa kukesha. Makundi haya mawili hayajuani. Moja linatoka lingine linaingia. Ningekuwa na kauli kwenye mtaala, kila mradi wa mwaka wa mwisho ungekuwa na watu wa makundi yote mawili, na tatizo la mradi lingetoka kwenye kazi ya yule wa jioni.

Hili linazidi kuwa la haraka kwa sababu ya akili mnemba. Ule mradi wa nywila, jedwali la bidhaa na mchoro wa rangi sasa unaandikwa na mashine kwa dakika chache, na mwanafunzi anaweza kuuwasilisha bila kuelewa mstari mmoja. Wako walimu wanaotaka kupambana kwa kupiga marufuku. Nawaelewa, lakini sioni marufuku hiyo ikishika. Afadhali kubadilisha kinachopimwa. Jopo la mtihani lina walimu watatu. Aongezwe mtu wa nne, mwenye duka au mhasibu au mtunza stoo ambaye mradi umetengenezwa kwa ajili yake, na alama zake zihesabiwe. Aulize kwa lugha yake mwenyewe: mteja wangu akirudisha mzigo nusu, nabonyeza wapi? Umeme ukikatika nikiwa natoa risiti, inakuwaje? Kijana wangu wa kaunta akinipunja, nitajuaje? Mwanafunzi aliyekaa na mtu huyu miezi mitatu atajibu bila kutazama skrini. Aliyepewa na mashine atakwama swali la kwanza.

Na kwa kijana anayejaza fomu za udahili msimu huu: kabla ya kulipa fedha ya maombi, tafuta mtu wa mwaka wa tatu wa chuo unachokitaka, umuulize mradi wake unatumiwa na nani sasa hivi.